Kufufua Land Rover Series III nyumbani: mwongozo kamili kuanzia chesisi hadi rangi

Land Rover Series III hudanganya macho. Bodi yake ni ya aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, kwa hiyo gari linaweza kulala miaka ishirini chini ya mwembe na bado milango na boneti vikaonekana vizima. Mnunuzi analizunguka, anapapasa fenda, haoni kutu, anatoa pesa. Lakini bodi hiyo imekalia chesisi ya chuma, na chesisi yenyewe ni boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji vikishaingia humo ni shida kutoka, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku unayoiona kwa nje, ndani imeshamaliza kazi yake.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia chini na kumalizikia kwenye rangi. Wengi hupenda kinyume chake, kwa kuwa rangi mpya inampa mtu moyo na majirani wanasifu. Halafu chesisi inadai kuchomelewa, cheche zinaunguza rangi ile ile, na pesa haipo tena.

Kwa nini nimechagua Series III? Ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na Afrika Mashariki ilikuwa nayo kila kona: polisi, hifadhi za wanyama, misheni, halmashauri, mashamba ya mkonge. Miaka ya 1970 Leyland Kenya walikuwa wakiziunganisha Thika, kwenye kiwanda ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mafundi waliokua nazo bado wapo, spea bado zinatengenezwa Uingereza, na gari lenyewe halina kompyuta hata moja. Karibu kila kitu kimefungwa kwa boliti na nati, kwa hiyo kinafunguka. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lao, na ukiuliza wenye Series wengi watakuambia walianza na gari ambalo lilikuwa haliwaki.

Shikilia kanuni moja tangu mwanzo: fungua sehemu moja, imalize, ndipo ufungue nyingine. Kinachoua kazi hizi ni ile hamu ya wiki ya kwanza, mtu anafungua gari lote, anajaza vipande chumba kizima, kisha miezi sita baadaye hakumbuki boliti ipi ilitoka wapi. Gari likiendelea kusimama kwenye magurudumu yake manne na likaweza kusukumwa, kazi iko hai. Likishakuwa lundo, mara nyingi huuzwa kama lundo.

Kabla ya kulipa

Nenda na nyundo ndogo, tochi na nguo za kulalia chini. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, pole pole, usikilize. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hutoa mlio mzito uliokufa, na kilichooza kabisa nyundo huzama. Gonga zaidi sehemu hizi: boriti ya nyuma kabisa ambako hufungwa ndoano ya kuvutia, mapembe ya mbele yanayoshika springi, sehemu ya juu ya springi za nyuma, mikono inayotoka pembeni mwa chesisi kushika ukuta wa injini, na eneo lililo juu ya tangi la mafuta. Ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini ya gari tu, gonga mara mbili.

Baada ya hapo tazama ukuta unaotenganisha injini na abiria. Huo ni wa chuma, si aluminiamu, na huoza pale miguu inapokanyaga na kwenye kona za juu karibu na kioo. Chesisi mbovu unaweza kuichomelea ukiwa umelala chini. Ukuta ulioliwa hadi juu utakulazimisha ufungue nusu ya gari, usukani, pedali na nyaya zote, kwa hiyo punguza bei ipasavyo au achana nalo.

Mahali gari lilipoishi pana uzito kuliko umri wake. La Dodoma au Singida, hata likiwa limechakaa, mara nyingi lina chesisi nzuri kuliko lililotunzwa Tanga, Mombasa au Unguja kwenye hewa ya chumvi. Mimi ningesafiri siku nzima kufuata la bara.

Karatasi zikaguliwe siku hiyo hiyo. Namba ya chesisi imegongwa kwenye pembe ya mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Isafishe kwa brashi ya waya uilinganishe na kadi ya usajili, au logibuku kama uko Kenya. Linganisha na namba ya injini pia. Gari lisilo na kadi, au lenye kadi ya marehemu ambayo warithi hawajaimalizia, litakusumbua kuliko kutu yoyote.

Je, kama injini ilishatolewa ikawekwa ya Toyota au Isuzu? Kwa mtu wa mizigo huo ulikuwa uamuzi wa busara, wala simlaumu. Lakini kama unataka kufufua gari la zamani, tafuta lenye injini yake. Ya petroli ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na ya dizeli ina ujazo huo huo. Ni injini mvumilivu, na nitaonyesha hapa chini kwamba kazi zake nyingi zinawezekana nyumbani. Nitaeleza ile ya petroli.

Mahali na vifaa

Unahitaji paa na sakafu ngumu iliyosawazika. Juu ya udongo stendi huzama, na gari hili ni zito. Jeki ni ya kunyanyulia tu: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na usitumie matofali ya saruji, kwa sababu hupasuka bila kutoa onyo.

Spana ziwe za inchi. Boliti nyingi za gari hili hufunguliwa kwa spana za 7/16, 1/2 na 9/16, na ukilazimisha za milimita utaharibu vichwa. Ongeza nyundo ya kilo moja, tochi ya gesi kwa nati zilizoshikana, mafuta ya kupenyeza, geji ya kupimia nafasi, taa ya majaribio ya volti 12, spana ya kupimia mkazo, na kizima moto kikae mahali mkono unapofika.

Makopo yenye vifuniko yana thamani kuliko unavyodhani. Kila sehemu unayofungua iwe na kopo lake, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli iingie ndani, siyo kubandikwa nje ambako oili itaifuta. Piga picha kabla ya kufungua, wakati wa kufungua, na baada ya kutoa, hasa njia za nyaya na mirija ya breki.

Amsha injini kwanza

Nimesema chesisi kwanza, lakini kabla hujaigusa unatakiwa kujua injini iko katika hali gani, ili upange pesa. Usiingize betri ukapiga stata. Injini iliyolala miaka huwa na kutu nyepesi kwenye silinda, na ukiilazimisha unavunja ringi za pistoni.

Toa plagi zote nne. Mimina kijiko cha oili ya injini kwenye kila silinda, acha hadi kesho. Series III ina tundu la hendeli ya kuwashia mbele, chini ya rejeta: ingiza hendeli uzungushe kwa mkono, taratibu, plagi zikiwa nje. Ikikataa, ongeza mafuta ya kupenyeza, ngoja siku kadhaa, jaribu kuitikisa mbele na nyuma badala ya kuisukuma upande mmoja. Ikishazunguka vizuri, mwaga oili ya zamani, weka mpya ya 20W-50 na chujio jipya, kisha piga stata plagi zikiwa bado nje hadi taa ya oili izimike.

Sasa pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Namba moja moja hazina maana kubwa kama tofauti kati yao. Zikikaribiana, ndani ya asilimia kumi hivi, una injini. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, na isipopanda, vali haifungi. Vali ni kazi ya kutoa hedi na kusaga, unaiweza nyumbani. Ringi na silinda zilizolika ni safari ya kwa fundi mwenye mashine.

Usiiwashe kwa petroli iliyo kwenye tangi. Petroli ya miaka hugeuka kuwa kama gundi na huleta kutu ya tangi hadi kwenye kabureta. Tumia kopo safi lenye petroli mpya na mpira mfupi hadi kwenye pampu. Mafuta ya zamani yamwagwe, tangi litolewe, lioshwe. Tangi la petroli lenye tundu halichomelewi nyumbani kwa hali yoyote, hata likikaa tupu mwaka mzima, maana mvuke unaobaki ndani unatosha kuua. Nunua jingine.

Chesisi

Hapa ndipo utatumia muda mrefu. Osha chini ya gari kwa maji ya nguvu hadi tope la mwisho litoke, kisha ingiza mpira wa maji ndani ya chesisi kupitia matundu yake. Utashangaa kiasi cha udongo kitakachomwagika. Acha likauke siku kadhaa juani, ndipo urudie nyundo, safari hii kwa ukali, na kila panapozama uzungushie chaki.

Sehemu iliyooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima chenye kung'aa. Kubandika bati juu ya kutu ndiyo kazi mbaya inayoonekana sana kwenye magari haya, na kila kiraka cha namna hiyo huficha maji na kuharakisha uozo. Tumia bati la milimita 2 hadi 3, likatwe lilingane na tundu, lichomelewe mzunguko mzima. Kama hujui kuchomelea, hapa si pa kujifunzia: kata na safisha mwenyewe, tengeneza violezo vya boksi la karatasi ngumu, kisha mlete fundi wa kuchomelea afanye siku moja kazi ambayo wewe umeiandaa kwa wiki mbili. Mafundi chuma wa eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road na pembezoni mwake Nairobi, wakipewa kiolezo kizuri hukunja boriti ya nyuma au mkono wa pembeni kwa bei ndogo kuliko ya kuagiza.

Kabla ya cheche ya kwanza: betri itoke, nyaya za oltaneta zifunguliwe, tangi liwe mbali, mirija ya mafuta na breki iondolewe kwenye eneo hilo, na mtu asimame pembeni na kizima moto. Gari liwekwe kwenye stendi nne zilizosawazika, kwa sababu chesisi ikikatwa huku imelala upande, utaichomelea ikiwa imepinda. Pima mishazari miwili kutoka pembe ya mbele ya kulia hadi nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo vifanane kabla ya kukata na baada ya kuchomelea. Usibadilishe boriti mbili kwa wakati mmoja.

Ikiwa alama za chaki zimejaa kila mahali, acha. Kuna viwanda Uingereza bado vinatengeneza chesisi mpya za Series, tena zilizochovywa zinki. Gharama ya kuisafirisha ni kubwa, lakini ni ndogo kuliko kuchomelea viraka juu ya viraka halafu gari likakunjika kwenye mtaro. Jirani na hilo kuna chaguo la chesisi ya gari jingine lililokatwa. Hapo rudi kwenye suala la namba na kadi kabla ya kutoa hata shilingi.

Ukimaliza, piga praima yenye zinki na rangi nyeusi ya chesisi kwa nje. Ndani ndiyo muhimu zaidi: pulizia nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu kupitia kila tundu. Wengi hutumia oili chafu ya injini. Inasaidia kiasi, lakini imeshabeba asidi na masizi, na hudondokea mipira na ardhi yako. Nta ikikosekana, oili mpya nzito ni bora kuliko chafu. Zibua matundu ya kutolea maji, yaache wazi daima.

Springi ni za majani, na bushi zake zilizoshikana na boliti ndizo zitakazokula uvumilivu wako wote. Pasha moto, paka mafuta, rudia kesho. Usichome mpira wa bushi ndani ya banda, moshi wake ni sumu.

Breki na usukani

Kwenye breki sina msamaha. Gari lililolala linadai vyote viwe vipya: masta silinda, silinda za kila gurudumu, mipira, na mirija ya chuma yenyewe. Mtu akikuambia silinda inaweza kusuguliwa ikawekwa mpira mpya tu, mshukuru, kisha ununue silinda. Uso wa ndani ukishapata vishimo vya kutu, hakuna mpira utakaoshika.

Unapofungua dramu usipulize vumbi kwa hewa. Lainingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu kimya kimya miaka mingi baadaye. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kifungwe na kutupwa. Series fupi ya inchi 88 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) kwa kawaida ina dramu za inchi 10, na ndefu ya 109 ina za inchi 11, kwa hiyo taja gari lako unapoagiza.

Kutoa upepo kwenye breki za 109 kumewatesa watu wengi: pedali inabaki laini hata baada ya kumaliza chupa mbili za oili ya breki. Jaribu hivi. Kaza marekebisho ya lainingi kwenye magurudumu yote hadi dramu zisizunguke, ndipo utoe upepo, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Pistoni zikiwa hazina nafasi ya kutembea, upepo unapata njia moja tu ya kutoka. Pedali ikishakuwa ngumu, legeza marekebisho hadi magurudumu yazunguke huru. Klachi nayo ni ya oili, na hutolewa upepo kwa njia ya kawaida.

Kwenye usukani kuna onyo moja zito. Mbele, ndani ya boriti ya chesisi, kuna rilei ya usukani: silinda ya chuma iliyosimama wima ambayo ndani yake imebanwa springi yenye nguvu nyingi sana. Ukiifungua bila kujua, springi huruka kwa kasi ya kuvunja taya. Kama haivuji na haijashikana, iongezee oili tu uiache. Kama lazima ifunguliwe, mpe fundi anayeijua.

Mipira mikubwa ya chuma inayong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele ikishapata vishimo vya kutu, oili sili haidumu, utaona michirizi chini ya gari. Watu hujaza grisi badala ya oili ya gia. Kwa safari fupi inavumilika, lakini dawa yake ni mpira mpya wa chuma na sili mpya.

Injini yenyewe

Tuseme kompresheni ni nzuri. Kazi inayobaki ni ya kuifanya ipumue, iwake na ipoe vizuri.

Anza na nafasi za vali, kwa sababu hazihitaji spea na zinabadilisha sauti ya injini papo hapo. Ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa vali zote nane, injini ikiwa imepoa au imepata moto. Kuna hesabu ya tisa inayokuondolea kubahatisha: hesabu vali 1 hadi 8 kuanzia mbele. Zungusha injini kwa hendeli hadi vali ya 8 iwe imebonyezwa kabisa, hapo rekebisha ya 1. Ya 6 ikibonyezwa, rekebisha ya 3. Ya 4, rekebisha ya 5. Kila mara namba mbili zijumlishwe ziwe tisa, na ukimaliza nane umemaliza kazi. Geji iingie kwa kujikwaruza kidogo, isilegee, isilazimishwe.

Pointi, swichi ndogo iliyo ndani ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi), ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, plagi karibu 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na rota ya distribyuta huzunguka kinyume cha saa. Nyaya zikiwekwa kinyume, injini hupiga risasi kwenye kabureta. Kondensa (kifaa kidogo kinachozuia cheche kuunguza pointi) za siku hizi nyingi ni dhaifu, kwa hiyo ile ya zamani inayofanya kazi usiitupe. Ifunge kwenye kitambaa ukae nayo garini.

Kabureta ya kawaida ni Zenith 36IV, na ina ugonjwa unaojulikana: kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto. Matokeo yake injini haitulii ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, inatoa moshi mweusi, inanywa petroli, na mafundi wasioijua hurekebisha skrubu hadi zinachoka. Ifungue juu ya sinia jeupe ili jeti zisipotee. Weka karatasi ya msasa namba 400 juu ya kioo kizito, ilowanishe, kisha sugua nyuso zinazokutana kwa mzunguko, mkono mwepesi, hadi uso mzima uonyeshe mkwaruzo mmoja. Badilisha gasketi na ringi ndogo ya mpira iliyo ndani, maana nayo ikichakaa huleta dalili zile zile. Unapofunga, kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo. Kuzikaza kwa nguvu ndiko kulikopindisha kifuniko mwanzoni.

Rejeta ipelekwe kwa fundi wa rejeta ikazibuliwe, tamostati (vali inayodhibiti joto la maji) ibadilishwe, na hozi zote za maji ziwe mpya. Usiondoe tamostati moja kwa moja kwa kisingizio cha joto la Dar. Injini isiyofikia joto lake huchafua oili na kula silinda.

Kwenye gia boksi, Series III ina sinkronizesheni (kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza) kwenye gia zote nne za mbele, kwa hiyo gia ikikwaruza haikuwa hivyo kiwandani. Oili ya gia ya EP90 huingia kwenye gia boksi, boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma, difu na mipira ya chuma ya mbele. Kijiti chekundu huchagua gia nzito (za mwendo mdogo wenye nguvu), kitufe cha njano huingiza magurudumu ya mbele kwenye gia nyepesi (za mwendo wa kawaida). Vijaribu vyote viwili gari likiwa kwenye udongo, si kwenye lami kavu.

Umeme

Uzuri wa nyaya za Kiingereza za wakati ule ni rangi. Kahawia ni moto wa betri usiopitia fyuzi, zambarau ni moto wa betri uliopitia fyuzi, nyeupe ni swichi ya kuwashia, kijani ni swichi iliyopitia fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia mwili wa gari. Ukishika orodha hii kichwani unaweza kufuata tatizo lolote kwa taa ya majaribio. Ndiyo maana ni dhambi kukarabati kwa waya wowote uliopatikana dukani. Tafuta rangi ile ile, unene ule ule.

Nusu ya matatizo ya taa ni ethi. Aluminiamu hujifunika utando usiopitisha umeme vizuri, na mahali inapokutana na boliti ya chuma kutu nyeupe hukua. Kwangua kila sehemu ya ethi, kaza, paka vaselini, na uvute waya wa ethi wa ziada kutoka taa za nyuma hadi kwenye chesisi. Ongeza waya mnene kutoka injini hadi chesisi. Stata iliyokuwa ikilala itaamka.

Bodi

Aluminiamu haitibiwi kama bati. Usitumie brashi ya waya wa chuma wala diski nzito, maana chembe za chuma hubaki zimezama ndani yake na kuanza kuila. Mahali inapokutana na chuma, kama chini ya milango ambako fremu ya chuma imevishwa ngozi ya aluminiamu, tenganisha kwa praima ya zinki au ukanda wa mpira, na ribiti ziwe za aluminiamu.

Bonyeo likipigwa nyundo likiwa baridi, aluminiamu hukakamaa na kupasuka. Lainisha kwanza: chora sehemu hiyo kwa sabuni ya mche, pasha moto kwa tochi ya gesi ukiitembeza bila kusimama, hadi alama ya sabuni igeuke nyeusi. Toa moto hapo hapo. Ukizidisha, aluminiamu haitoi rangi ya kukuonya, inayeyuka ghafla. Ikishapoa, inyooshe kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Vibonyeo vidogo viache. Gari hili lilifanya kazi maisha yake yote, na puti nene kwenye fenda iliyonyooka ni wizi kwa mnunuzi wa baadaye.

Endesha kabla ya kupaka rangi

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Gari likishakuwa na chesisi, breki, injini na taa, liendeshe likiwa na viraka vyake vya praima. Safari za kwanza ziwe za kilomita tano, kisha ishirini. Kila ukisimama, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mkono: kinachochoma kina beringi iliyokazwa mno au lainingi inayobana. Lala chini utafute michirizi. Kaza tena nati za magurudumu na zile za vikuku vinavyoshika springi, maana hulegea zote mwanzoni. Baada ya kilomita 800 hivi mwaga oili ya injini, rudia nafasi za vali.

Utavuja mahali, utafungua tena kitu, utamwaga oili ya breki kwenye fenda, na oili ya breki huyeyusha rangi. Heri iyeyushe praima.

Matatizo yakishaisha, ndipo ununue rangi. Sugua kwa msasa namba 180 kisha 320, futa kwa thina, na siku hiyo hiyo piga praima maalumu ya aluminiamu, kabla utando haujarudi. Rangi za kisasa zenye hadna (kigumishi) hutoa mvuke ambao barakoa ya vumbi haizuii hata kidogo, unadhuru mapafu, kwa hiyo peleka kwa fundi mwenye chumba na vifaa vyake. Ukitaka kupaka mwenyewe, tumia rangi ya enameli kwa rola ya sponji na brashi nzuri, tabaka tatu nyembamba, ukisugua kwa msasa namba 600 katikati. Kwenye Land Rover inapendeza kweli. Paa na rimu nyingi zilitoka kiwandani na rangi ya maziwa iliyoitwa Limestone, na bodi ikiwa ya kijani au bluu iliyokolea. Ukiinua mkeka wa siti au ukichungulia nyuma ya dashibodi utakuta rangi ya asili ya gari lako bado ipo, na duka la rangi litailinganisha na kipande hicho.

Iache enameli ikauke wiki kadhaa kabla ya kuipaka nta. Na kama rangi mpya si ile iliyoandikwa kwenye kadi, peleka kadi irekebishwe kwanza, ndipo uingie barabarani.